Bendi ya roki Nairobi: uingie lebo huru, usimamishe jina lako, au uwekeze kwenye ziara?

Bendi ikishamaliza kurekodi albamu ya kwanza, mabishano huanza. Studio imeshalipwa, ngoma nane zimeshachanganywa, na kila mtu ana mpango wake. Mpiga besi anamjua mtu anayejuana na lebo fulani ya Ulaya, yaani kampuni ya kutoa rekodi. Mpiga ngoma anasema tuzipandishe mtandaoni wenyewe, leo usiku, za nini hadithi. Mwimbaji hataki kusikia lolote ila shoo za kiangazi Ujerumani. Wote wana hoja, lakini hela iliyobaki haitoshi mambo matatu.

Ninawaandikia wanaopiga roki, metali na panki hapa mjini, kwa sababu uamuzi huu unawauma kuliko wenzao wa gengetone au injili. Roki ya Nairobi haina kituo kikubwa cha redio cha kuibeba kila siku, wala kampuni inayoisubiri na kitabu cha hundi. Inaishi kwa watu wachache wanaoipenda sana. Bendi nzuri inaweza kuvunjika kwa mkataba mmoja mbovu au safari moja ya hasara.

Msimamo wangu nautoa mapema: kupandisha muziki mtandaoni si kazi ya kumpa mtu nusu ya mapato yenu. Lebo ilipwe kwa milango ambayo nyinyi mkiwa hapa hamuwezi kuifungua, na mlango mzito kuliko yote ni ziara. Lebo isiyofungua mlango huo haina cha kuwauzia.

Jina la lebo linafanya kazi gani hasa

Lebo huru zilizoheshimika, yaani zisizo chini ya kampuni kubwa, zilianza na watu waliorekodi majirani zao. Dischord ilianzishwa Washington mwaka 1980 na Ian MacKaye na Jeff Nelson, vijana waliotaka kutoa rekodi ya bendi yao wenyewe, ikaendelea na bendi za mji ule ule, bila mikataba ya maandishi. Sub Pop ya Seattle ilitoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989. Gharama ya kuirekodi ilikuwa dola 606.17 tu. Merge, iliyoanzishwa North Carolina mwaka huo huo wa 1989 na wanamuziki wawili wa bendi moja, ndiyo iliyotoa albamu ya Arcade Fire iliyoshinda Grammy ya albamu bora ya mwaka 2011.

Nguvu ya majina hayo ilikuwa imani ya msikilizaji. Mtu alinunua rekodi ya bendi asiyoijua kwa sababu aliiamini nembo iliyokuwa pembeni ya jalada. Imani hiyo ipo hadi leo, ila imehama kidogo: zaidi ya msikilizaji, anayeitazama nembo sasa ni mwandishi wa muziki na yule anayepanga orodha ya tamasha. Sanduku lake la barua limejaa. Barua ya lebo anayoifahamu ataifungua, barua ya bendi ya Umoja au Rongai ataipita, hata kama ngoma ni kali.

Huku kwetu mfano mzuri ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2020 ilitoa albamu ya Duma, wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, waliochanganya metali na kelele za mashine kwa namna ambayo hakuna redio ya hapa ingeipiga mchana. Nje iliandikwa na kusifiwa. Wapo watakaosema ingesikika tu, muziki mzuri hujitangaza. Mimi siamini. Lebo ile ilikuwa imeshajijengea sikio la watu wanaotafuta muziki mgumu wa Afrika Mashariki, na Duma wakapita kwenye njia iliyokwisha kufyekwa.

Basi bei yake? Lebo nyingi huru hugawana nusu kwa nusu baada ya kutoa gharama. Maneno "baada ya kutoa gharama" ndiyo ya kusoma mara mbili. Tuseme lebo imetumia yuro 4,000 kuchapisha santuri na kumlipa mtu wa kuitangaza albamu kwa waandishi. Mapato yakifika 4,000, nyinyi bado hamjaona kitu. Yakifika 6,000, zile 2,000 za juu zinagawanywa, mnapata 1,000, na mkiwa wanne kila mmoja anaondoka na 250. Sasa tuseme mmeitoa wenyewe kwa gharama ya yuro 200 na ikaingiza 1,200. Mmebaki na 1,000 ile ile. Kwa hela tupu mmetoka sare. Tofauti iko kwenye zile 4,000: je, zilileta makala, mialiko, watu wapya elfu kadhaa wanaolijua jina lenu? Kama zilileta, lebo imeshinda kwa mbali. Kama zilichapisha tu santuri zilizokaa stoo, mmefanyiwa kazi ambayo haikuwafaa, na rekodi yenu imefungwa kwa mtu mwingine.

Neno moja kuhusu mikataba, maana wapo wanaoiona Dischord na kusema ukiwa na watu wazuri karatasi ni ya nini. Sub Pop walikuwa wazembe wa karatasi vilevile, mpaka Nirvana wenyewe walipodai mkataba. Kampuni kubwa ilipokuja kuwachukua, ilibidi iinunue karatasi hiyo kwa dola 75,000 pamoja na sehemu ya mauzo ya baadaye, na hela hiyo ikaiokoa lebo iliyokuwa ukingoni. Mkataba ulimlinda mwenye lebo. Utawalinda nyinyi pia, mkiusoma na wakili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kusimamisha jina lako mwenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa toleo la kwanza la karibu kila bendi hapa. Usajili wa jina la biashara unafanyika kwenye eCitizen, upande wa Huduma ya Usajili wa Biashara. Mkitaka kulilinda jina lisichukuliwe na mtu mwingine kwenye muziki, hiyo ni alama ya biashara, inakwenda KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda. Kusajili jina la biashara peke yake hakuwapi ulinzi huo. Kabla ya yote, litafuteni jina kwenye Spotify, Bandcamp (duka la muziki mtandaoni) na Discogs (orodha ya rekodi mtandaoni). Mkikuta lebo nyingine tano zinazolitumia, achaneni nalo hata kama mmeshachora nembo.

Jina lenyewe lisiwasumbue sana. SST, lebo iliyobeba panki ya California, ilichukua jina lake kutoka kwa biashara ya vifaa vya redio ambayo Greg Ginn alikuwa akiiendesha tangu ujana wake. Liwe fupi na lisomeke likiwa dogo kwenye simu. Tena liwe pana kuliko bendi, kwa sababu mwaka kesho mnaweza kutaka kutoa kazi ya rafiki zenu, na lebo iliyoitwa jina la bendi yenu itawabana.

Faida kubwa ni umiliki. Aliyegharamia rekodi ndiye mwenye rekodi, na hapa Kenya haki zimegawanyika kwa vyama vitatu vya kukusanya mirabaha: MCSK imekuwa ikikusanya kwa niaba ya watunzi, PRISK kwa niaba ya waimbaji na wapigaji, na KAMP kwa niaba ya wenye rekodi. Bendi iliyo chini ya lebo ya mtu mwingine hupoteza fungu hilo la tatu, wakati bendi yenye jina lake ina madai kwenye mafungu yote matatu. Sisemi mirabaha hiyo ni minono. Wanamuziki wa nchi hii wameililia kwa miaka, na leseni za vyama hivyo zimebishaniwa sana, kwa hiyo ulizeni KECOBO, bodi ya hakimiliki, ni nani mwenye leseni mwaka huu kabla ya kujaza fomu. Lakini haki ndogo iliyo mkononi mwako ni bora kuliko uliyoigawa bila kujua.

Kazi yake ni ya kuchosha, na lazima mtu mmoja kwenye bendi aikubali kwa moyo. Ni kujaza majina ya watunzi kwa usahihi, kutuma faili wiki kadhaa kabla ya siku ya kutoka, kujibu barua. Na kabla ya ngoma yoyote kupanda, mgao wa watunzi uandikwe na kila mtu atie sahihi. Ngoma ambayo haijaingiza kitu haigombaniwi. Ikishanunuliwa kwa tangazo la biashara, kila mtu anakumbuka kwamba ile rifu ilikuwa yake.

Hela ya mtandaoni, jukwaa kwa jukwaa

Wasambazaji, yaani kampuni zinazopandisha muziki wenu kwenye majukwaa, wanatofautiana kwenye namna ya kutoza. DistroKid hutoza ada ya mwaka na kuwaachia mapato yote, ila mkiacha kulipa bila kununua huduma ya ziada, muziki unaweza kushushwa. CD Baby hutoza mara moja kwa kila toleo, kisha hubaki na asilimia 9 ya mapato ya majukwaa. Bendi inayotoa ngoma kila miezi mitatu inafaidi ada ya mwaka. Bendi inayotoa albamu moja halafu inapotea miaka minne, ambazo ni nyingi kwenye roki yetu, itafute ile ya kulipa mara moja.

Kwenye usikilizaji wa Spotify, anayesikiliza yuko wapi ni jambo kubwa. Ilipoingia Kenya Februari 2021, ada ya mwezi ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 299, wakati Marekani ilikuwa dola 9.99. Malipo yanatoka kwenye kapu la kila soko, kwa hiyo msikilizaji wa Buruburu na wa Berlin hawaingizi sawa hata wakiirudia ngoma ile ile mara ile ile. Zaidi ya hapo, tangu 2024 ngoma isiyochezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haihesabiwi kwenye malipo kabisa. Kwa albamu ya ngoma nane ya bendi changa, inawezekana mbili ndizo zinazolipwa na sita zinasindikiza. Na sehemu inayotoka kwa wasikilizaji wa Marekani inaweza kukatwa kodi ya asilimia 30 kule kule, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Fomu ya kodi ambayo msambazaji anawatumia jazeni kwa makini, msiibonyeze tu ipite.

Bandcamp ni habari nyingine, na kwa roki naipa nafasi ya kwanza bila kusita. Inabaki na asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa kama fulana na santuri. Albamu ikiuzwa dola 8, baada ya makato yake na ya malipo mnabaki na dola 6 na senti kadhaa. Kuanzia Machi 2020 imekuwa pia na Ijumaa maalumu ambazo inaachia fungu lake, na mashabiki wa muziki huru huzisubiri siku hizo ili wanunue. Hela inaingia PayPal, na kutoka PayPal inashuka M-Pesa. Mashabiki mia moja walionunua albamu huko wanazidi kuchezwa maelfu mengi ya mara kwenye Spotify. Tena anayenunua anaweza kuwaachia barua pepe yake, na hapo mnajua ni nani wa kumwandikia mkienda kupiga mji wake. Spotify haiwapi hilo.

Kasoro yake ni kwamba Wakenya wengi hawanunui huko. Kwa wa nyumbani, ngoma iwe Boomplay, YouTube na Mdundo, mahali watu walipo na simu zao na bando zao ndogo. Na Skiza, milio ya Safaricom anayoisikia anayekupigia simu, msiidharau kwa sababu ni roki. Kiitikio cha Kiswahili chenye nguvu, sekunde ishirini au thelathini, kinafaa kabisa kwenye simu ya mtu, na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 yaliweka kwamba mwenye haki apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Ni moja ya sehemu chache ambapo sheria imetaja fungu la msanii kwa tarakimu.

Ziara ya kiangazi Ulaya, au barabara ya hapa

Ziara za kiangazi za roki zilikuwa za magari. Lollapalooza ilianza 1991 ikizunguka Marekani mji kwa mji hadi 1997. Tangu 2005 imetulia Chicago, kwenye bustani ya Grant Park. Warped Tour ilizunguka kila kiangazi kuanzia 1995 hadi 2018, ikiwafuata vijana waliofunga shule. Zama hizo bendi ndogo ilipanda msafara uliokuwa umeshapangwa, ikapiga mji baada ya mji. Leo matamasha mengi yako mahali pamoja, na kutoka moja kwenda jingine ni gharama yenu. Ndiyo maana mwaliko mmoja wa Julai haupaswi kuwapandisha ndege.

Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Wanne na fundi wa sauti ni yuro 450, kabla ya ada ya kituo cha maombi, na mkinyimwa hairudi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yanatakiwa yawe yameingia si chini ya siku 15 kabla. Mnaomba kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo ratiba ya shoo lazima iwe imekamilika kwanza. Ongezeni tiketi za ndege za Julai, ambazo ni ghali kwa sababu ndio msimu wa watalii, na gari la kukodi, na vyombo. Tamasha moja la wikendi halilipi hayo yote. Zinahitajika wikendi tatu mfululizo, na katikati shoo za kumbi ndogo kuanzia Jumanne hadi Alhamisi.

Na hapa ndipo lebo inapojitetea. Matamasha ya Julai mengi huanza kujaza orodha zao tangu miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, na kumbi ndogo za katikati ya wiki zinapangwa na mawakala ambao wanazungumza na lebo kwanza. Bendi ikiwa Nairobi, bila jina kule, inaweza kupata mwaliko mmoja kwa bahati. Kuzungusha mnyororo wa shoo kumi na mbili kunataka mtu aliye kule, anayeaminiwa kule. Lebo ikiwaambia itawapa mtu huyo na ikaliandika hilo kwenye mkataba, nusu ya mapato si bei kubwa.

Lakini ipo barabara nyingine, na inanisikitisha bendi zetu zinavyoiruka. Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kisumu, kisha Busia na kuingia Uganda, ambako Mkenya anavuka kwa kitambulisho tu. Huko kuna tamasha la Nyege Nyege, lililoanza Jinja mwaka 2015. Februari kuna Sauti za Busara Zanzibar, tangu 2004, ambayo inapokea maombi ya wasanii waziwazi. Shida ya barabara hii ni vyombo. Kumbi nyingi zimejengwa kwa madijei, spika ni kubwa lakini hakuna ampu ya gitaa wala seti ya ngoma, na fundi hajawahi kuweka maiki kwenye ngoma ya mguu. Mkikubali shoo, ulizeni hayo kwa maandishi, tena muulize fundi mwenyewe na si promota. Bebeni ampu zenu. Fulana ziwe mezani, na Till ya M-Pesa ibandikwe mahali inapoonekana hata taa zikiwa hafifu, maana shabiki aliyetoka kutokwa jasho mbele ya steji ananunua wakati ule ule au hanunui tena.

Julai hapa ni baridi na shoo za nje hupungua, kwa hiyo anayeondoka mwezi huo hapotezi mengi nyumbani. Akiondoka Desemba, watu wa majuu wanapokuwa wamerudi na mji umejaa, amepoteza.

Kwa hiyo, nani achague nini

Kama ndiyo mwanzo na hamjawahi kujaza ukumbi wa watu mia mbili hapa mjini, toeni wenyewe. Bandcamp na msambazaji mmoja, jina lenu kwenye jalada, na barabara ya Afrika Mashariki kwa mwaka mzima. Msitafute lebo bado. Hamna cha kuionyesha, na mtakubali lolote.

Kama mmeshatoa kazi mbili, na takwimu za Bandcamp zinaonyesha wanunuzi wengi wako Ujerumani, Uholanzi au Poland, hapo tafuteni lebo huru. Itafuteni kwa albamu moja tu, kwa leseni ya miaka inayohesabika, tano kwa mfano, baada ya hapo rekodi irudi kwenu. Msiuze masta, yaani umiliki wa rekodi yenyewe. Lord Spikeheart, ambaye ndiye Martin Kanja wa Duma, baada ya kupita Nyege Nyege Tapes alitoa albamu yake ya 2024 kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Alilitumia jina la wengine kufika, kisha akasimamisha lake watu wakiwa tayari wanamjua. Ndio mpangilio ninaouamini kwa bendi inayolenga nje.

Kama nyimbo zenu zinawasemesha watu wa hapa, kama bendi ya Nairobi ya Crystal Axis walivyoichukua Nyayo House, jengo lililokuwa na vyumba vya mateso, na kuifanya wimbo wa panki, msione ziara ya Ulaya kuwa ndiyo kufaulu. Msikilizaji anayeelewa kila mstari yuko Nairobi. Wekeni hela kwenye vyombo, video moja nzuri na shoo za mara kwa mara mahali pamoja, hadi siku yenu ya mwezi ijulikane.

Na lebo yoyote ikija na karatasi, iwe ya Lagos au London, iulizeni mambo manne, na majibu yaandikwe: mtatumia kiasi gani na kwa kazi zipi, nani atatafuta shoo na ngapi kabla ya tarehe gani, tutapata hesabu mara ngapi kwa mwaka, na rekodi inarudi kwetu lini. Anayesema hayo tutayaongea baadaye, mwacheni aende. Ngoma nane bado ni zenu, na msambazaji anazipokea hata kesho.